Mtu Asiyeokota Ganda

Saa tatu na nusu asubuhi ya Jumatatu, Kapteni Ishida aliweka mfuko mdogo wa nailoni juu ya meza ya Lorna Detwiler, mpelelezi pekee wa kaunti ya Sorrel. Ndani ya mfuko mlikuwa na ganda moja la risasi.

"Saa nane mchana nakwenda kumkamata mwenye hili," alisema. "Akitoka mikono juu, vizuri. Asipotoka, ninao watu kumi na wanne na gari la chuma."

Lorna aliuinua mfuko akaugeuzageuza dirishani. Lilikuwa ganda la bunduki ya kuwindia kulungu, kipimo cha 243. Kitakoni lilipakwa mstari wa rangi nyekundu ya kucha, na ukingoni lilikuwa na alama nne ndogo za tupa. Hapo hapakuhitajika maabara. Mji mzima wa Cinder Creek ulijua kwamba Orville Tibbets hujaza risasi zake mwenyewe kwa mkono, huzipaka rangi ya kucha ya marehemu mkewe, na kila anapolijaza ganda upya hulichonga alama moja.

Ishida alitoka Sacramento, makao makuu ya jimbo la California, na kikosi cha jimbo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, na haraka yake ilikuwa na sababu. Jumamosi mchana, kijana wake mmoja, Felix Ocampo, aliegesha gari kando ya barabara inayotoka Nevada. Alikuwa akipiga picha namba za magari ya watu waliokwenda kununua risasi ng'ambo ya mpaka, ambako hakuna anayekuuliza jina, na sasa walikuwa wakirudi nazo California, ambako kufanya hivyo ni kosa. Mtu aliyelala kwenye miamba juu ya barabara, pale lilipookotwa ganda hili, akapiga risasi mbili kwenye injini. Ya pili iligonga chuma ikaruka, ikavunja kioo cha mbele, na kipande cha kioo kikamwingia Ocampo jicho la kushoto. Madaktari walikuwa bado hawajasema kama jicho litapona.

"Na aliapa," Ishida aliendelea. "Wiki iliyopita, mgahawani, mbele ya watu. 'Atakayepiga picha namba ya gari langu atarudi kwao kwa miguu.' Ninaye shahidi."

"Mmoja?"

"Dereva wa lori kutoka Oregon. Wenyeji wako wote ishirini walikuwa wanaangalia mayai kwenye sahani zao."

Lorna alijizuia kutabasamu. "Risasi mbili, ganda moja. La pili liko wapi?"

"Bunduki ya kukoki kwa mkono. Kapiga, kakoki, ganda la kwanza likaruka. Kapiga tena, kaondoka na la pili likiwa ndani ya bunduki. Shule nilikwenda, sajenti."

"Ulikwenda, Kapteni. Ila Orville hukufundishwa." Akavaa koti. "Nipe mpaka saa nane."

"Mpaka saa nane nimeshakupa. Si dakika moja zaidi."

*

Geti la shamba la Tibbets lilifungwa kwa mnyororo, na nyuma ya mnyororo alisimama Orville mwenyewe, miaka sabini na minne, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, ng'ombe wake wakimtazama kana kwamba naye ni wao.

"Umekuja na hati ya mahakama?"

"Nimekuja na donati za mgahawani kwa Pearl."

Mzee akafikiri. "Za mdalasini?"

"Za mdalasini."

"Basi pita wewe. Serikali ibaki hapo nje."

Kibanda chake cha kazi kilinuka mafuta ya bunduki na kahawa iliyolala. Juu ya meza palikuwa na mashine ya mkono ya kujazia risasi, mizani ya kupimia baruti, na chupa ya rangi ya kucha iliyokaribia kukauka. Maganda yalipangwa kwenye visanduku vya matundu hamsini hamsini, kila kisanduku kikiwa na karatasi yake.

"Nasikia dukani kompyuta ya kukagua wanunuzi wa risasi ilikukataa tena," Lorna alisema akivuta kigoda.

"Mara ya tatu. Nimeishi humu miaka hamsini na mmoja. Kaunti ikabadilisha jina la barabara, eti gari la wagonjwa lisipotee. Sasa leseni yangu ya udereva inasema Njia ya Coyote, kompyuta ya Sacramento bado inasema Sanduku la Tisa, anwani ya zamani. Kwa hiyo mimi simo duniani."

"Si ungejaza ile fomu tu, mzee wangu? Ukurasa mmoja."

"Mimi sijahama, binti. Barabara ndiyo iliyohama. Wakaijazishe fomu hiyo barabara."

Lorna aliweka picha ya ganda mezani. Alikuwa amejiandaa kuona uso ukibadilika, mkono ukitetemeka, chochote kile. Orville alivaa miwani, akainama, akakunja uso kwa hasira ya kweli.

"Hili lilikuwa linafaa kujazwa mara tatu nyingine! Mpumbavu gani kaliacha chini?"

"Wanasema wewe."

"Mimi?" Alivua miwani. Lorna aliona wazi kwamba kuambiwa ameacha ganda kumemuuma kuliko kuambiwa amepiga gari la serikali. "Lorna mwanangu, babako aliniona nikitambaa kwenye theluji hadi magotini natafuta ganda moja. Tangu walete sheria yao hii, ganda ni mbegu. Nani anamwaga mbegu barabarani?"

Lorna alikumbuka theluji hiyo. Babake aliisimulia kila Krismasi. Lakini kumbukumbu za babake hazingemzuia Ishida. Akasimama, akapitisha kidole kwenye visanduku mpaka akafika penye karatasi iliyoandikwa 243, mara ya nne. Matundu ishirini yalikuwa matupu.

"Hizi ishirini ulimpa nani?"

Mzee alimega donati, akatafuna taratibu, akameza.

"Sikia nikwambie. Nikisema nilimpa mtu, hilo ni kosa, maana siku hizi hata jirani humpi risasi mpaka mpitie dukani. Nikimtaja, basi naye kakosa. Wameipanga vizuri sheria yao. Ukweli utakaonitoa mimi ndio utakaomwingiza mwenzangu."

"Kuna kijana anaweza kupoteza jicho."

Orville aliiweka donati chini. "Hilo jicho naliombea," alisema hatimaye, na sauti ilikuwa ya mtu anayeomba kweli. "Jina sitoi. Aliniambia maganda atayarudisha Jumapili. Aliyekopeshwa risasi hurudisha maganda. Hilo hata mwizi wa ng'ombe analijua."

"Jumapili ilikuwa jana."

"Najua jana ilikuwa siku gani. Yeye ni mtu wa heshima, atakuwa na sababu zake. Saa nane hao wageni wako watanikuta getini na bunduki mkononi, mdomo wake umeelekea chini. Sitampiga mtu. Lakini sitanyoosha mikono juu kwenye ardhi ya baba yangu kama mwizi wa kuku."

"Mzee, wale ni vijana kumi na wanne wenye woga na vidole. Hawataangalia mdomo wa bunduki umeelekea wapi."

"Basi wafundishwe kuangalia," alisema Orville, akamfungulia mlango.

*

Duka la Doreen Machado lilikuwa duka pekee la risasi katika maili sitini. Ukuta wa nyuma ya kaunta, pale ambapo maduka mengine hutundika pembe za kulungu, yeye alibandika karatasi za waliokataliwa na kompyuta. Kila aliyekataliwa alipewa nakala yake, na badala ya kwenda nayo nyumbani aliibandika pale, akaiwekea sahihi kwa kalamu nene. Karatasi zilikuwa mia na zaidi. Mchungaji alikuwamo. Mwalimu wa hesabu alikuwamo mara mbili.

"Nataka kujua nani anatumia 243," Lorna alisema.

"Na mimi nataka kupungua kiuno. Una hati?"

"Doreen, Orville atauawa saa nane."

Mwanamke yule alitua boksi alilobeba. Uso ulimlegea kidogo, kisha ukakaza upya. "Orville hakupiga gari lolote. Lakini mimi sitoi jina la mteja kwa serikali, shoga yangu, hata serikali hiyo ikiwa wewe na tulisoma darasa moja. Leo nitakupa jina la mmoja, kesho utataka la wote. Soma ukuta. Ukuta ni wa hadhara."

Lorna aliusoma ukuta kwa dakika kumi, akachoka. Majina yalikuwa ya mji mzima.

"Humo hamna nani?" aliuliza.

"Nyinyi," Doreen alisema kwa kejeli. "Wenye beji. Nyinyi kompyuta haiwaulizi hata mmelala vipi. Mnaingia, mnachukua, mnatoka. Ingawa kwa 243 hata beji haisaidii. Tangu Agosti kiwandani hawajaniletea hata boksi moja. Mwenye kuitaka ajaze mwenyewe, au ampigie magoti anayejaza."

*

Saa tano na nusu alirudi kituoni akakuta wanaume watatu wamekaa kwenye benchi la mapokezi, kofia magotini, wamenyooka kama wanasubiri kubatizwa. Wa kwanza alikuwa Dale Huckaby, muuza majani ya ng'ombe, mtu mwenye sauti ya kusikika bonde hadi bonde.

"Tumekuja kukiri," Dale alisema. "Gari nilipiga mimi."

"Muongo huyu," alisema wa pili, Lyle Fenner, shemasi. "Nilipiga mimi."

Wa tatu aliinua mkono tu.

Lorna hakucheka, japo kicheko kilimfika kooni. Alijua wanafanya nini. Kama kila mtu amepiga, hakuna aliyepiga, na Ishida hawezi kuufunga mji mzima. Ulikuwa ujasiri, na ulikuwa upuuzi, na kwa namna fulani aliwapenda kwa ajili yake. Akamwita Dale ndani kwanza.

"Haya, eleza."

"Nililala kwenye miamba. Nikapiga mbili, injini, pa, pa. Nikaondoka. Na ningemwona tena ningepiga tena. Watu wanakwenda kununua risasi za kuwindia, mtu anawapiga picha kama majambazi! Andika hivyo hivyo."

"Nimeandika. Maganda uliyaacha upande gani wa mwamba? Kulia au kushoto?"

Dale alimtazama kana kwamba ametukanwa. "Maganda? Niliyaokota."

"Yote?"

"We Lorna, unanionaje? Mimi niache ganda chini?"

Akamwita shemasi. Shemasi alilala kwenye miamba, akapiga mbili, akaokota maganda yake, moja lilibingirika chini ya kichaka akalifuata kwa fimbo. Wa tatu naye aliokota, na kwa uaminifu mkubwa akaongeza kwamba aliokota na la mtu mwingine alilolikuta hapo.

Akawatoa nje. Walikuwa tayari kwenda jela miaka kumi kwa ajili ya Orville, lakini hakuna hata mmoja, hata katika uongo wake mwenyewe, aliyeweza kukubali kwamba aliacha ganda. Kupanda mchongoma kushuka ndio ngoma. Watatu wote walinasa kwenye mwiba uleule.

Lorna aliketi akavuta karatasi tupu. Aliyepiga hakujaza risasi zake mwenyewe, kwani alikopa za Orville. Alikopa 243 kwa sababu dukani hazikuwepo, si lazima kwa sababu alikataliwa. Na aliliacha ganda likaanguka bila hata kugeuza shingo. Ni nani katika kaunti hii hageuzi shingo? Ni mtu ambaye hajawahi kukosa risasi. Ni mtu aliyefundishwa shabaha kwenye uwanja ambapo maganda huachwa chini, na mtu mwingine huja kuyafagia.

Uwanja wa aina hiyo ulikuwa mmoja tu. Yeye mwenyewe alifundishwa hapo. Ulikuwa uwanja wa polisi.

Aliinuka akaenda chumba cha redio, akaomba daftari la Jumamosi. Jumamosi yeye alikuwa Redding kwenye harusi ya binamu yake, kwa hiyo hakuwa amelisoma. Saa nane na dakika kumi na nne, Ocampo anaomba msaada. Saa nane na dakika kumi na tano, sherifu, mkuu wake wa kazi, anajibu: "Natoka ofisini sasa hivi." Saa nane na dakika ishirini na moja, sherifu anaripoti amefika, anamfunga majeruhi kitambaa.

Dakika sita. Kutoka ofisini hadi pale palikuwa na maili thelathini, na katikati yake mlima.

*

Sherifu Wendell Pruitt, mkuu wa polisi aliyepigiwa kura mara nne mfululizo, alikuwa amesimama dirishani akiwatazama watu waliokusanyika barabarani na pikapu zao. Mara ya mwisho aliomba kura kwa ahadi moja tu: kwamba hatamkamata raia yeyote kwa risasi aliyoinunua kwa jasho lake. Kura ya Lorna ilikuwamo.

"Mkuu," Lorna alisema akifunga mlango. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro robo. "Jumamosi ulipita njia gani ukatumia dakika sita?"

Pruitt hakugeuka.

"Orville alikukopesha risasi ishirini," Lorna aliendelea. "Mbili ulizitumia. Kumi na nane ziko wapi?"

Kisha sherifu alitembea hadi mezani, akafungua droo ya chini, akatoa kisanduku akakiweka mbele yake. Vitako vyekundu vilijipanga mle ndani, na palikuwa na nafasi mbili wazi.

"Sikumlenga mtu," alisema. "Nililenga injini. Umbali ule nampiga kunguru jicho, unajua." Akasita aliposikia neno lililomtoka. "Kioo hakikuwa shabaha yangu."

"Kwa nini?"

"Kwa nini!" Sasa aligeuka, na uso ulikuwa mwekundu. "Kwa sababu wanamtendea mtu kama Orville kama muuaji kisa barabara imebadilishwa jina! Kwa sababu waliingia kaunti yangu kupiga picha watu wangu bila hata kunisalimu! Nilitaka warudi kwao, basi. Wakikosa gari watafikiri mara mbili. Sijuti, Lorna. Andika kwamba sijuti."

"Na Orville?"

Hasira ikakosa pa kushika. "Ganda sikuliona. Nilipokumbuka, lilikuwa tayari kwenye mfuko wa Ishida. Nikajiambia, Orville atashinda. Raia kumi na wawili wa kaunti hii watakaoketi mahakamani kumhukumu hawawezi kumtia hatiani, hata apatikane na bunduki inafuka moshi. Mimi wangenimaliza. Mimi nina beji."

"Ulimwachia mzee wa miaka sabini na minne."

"Orville hatanitaja."

"Najua hatakutaja! Ndiyo maana atakufa!" Lorna alipaza sauti kwa mara ya kwanza katika miaka tisa ya kufanya kazi chini yake. Simu yake ikaita. Akaiweka mezani, akafungua spika.

"Detwiler," ilikuwa sauti ya Ishida, ya chini, ya mtu anayebana pumzi. "Tuko getini kwake. Ana bunduki mikononi. Nimemwambia aiweke chini mara mbili. Kama unalo la kunipa, nipe sasa."

Lorna aliisukuma simu kwa kidole kimoja mpaka ikafika upande wa pili wa meza.

Pruitt aliitazama. Kutoka mbali, kupitia simu, walisikia mtu akipiga kelele, "Weka chini! Weka chini!" na sauti ya mzee ikijibu jambo ambalo halikusikika.

"Mkuu," alisema Lorna.

"Ishida," sherifu alisema. Alikohoa. "Ishida, huyu ni Wendell Pruitt. Rudisha watu wako kwenye magari. Gari lako nilipiga mimi. Bunduki iko kabatini kwangu na ganda la pili bado limo ndani. Yule mzee hajui lolote. Umenisikia? Warudishe."

Kisha Ishida, mbali na simu: "Shusheni. Wote. Shusheni silaha, rudini nyuma." Lorna alishika ukingo wa meza mpaka aliposikia milango ya magari ikifungwa, mmoja baada ya mwingine.

Sherifu alifungua mkanda wake akauweka mezani na bastola yake. Aliomba jambo moja: watokee mlango wa mbele. Lorna alimfunga pingu mikono ikiwa mbele, akamkubalia.

Barabarani palikuwa na watu kama arobaini. Walipomwona wakaanza kupiga makofi, wakidhani anakwenda kuwazuia wa Sacramento. Kisha wakaona pingu, na makofi yakapungua. Pruitt aliinua kidevu.

"Ndiyo!" alisema kwa sauti ile ya kampeni. "Nilipiga mimi! Na Sacramento ijue, kaunti hii haipigi magoti!"

Makofi yakarudi mara mbili yake. Watu wakapiga miluzi, mtu akapiga honi, shemasi Fenner akatupa kofia hewani. Lorna alimshika sherifu kiwiko, akaanza kupita naye katikati yao, na kila mtu alitaka kumgusa bega.

Dale Huckaby ndiye pekee ambaye hakupiga makofi. Alikuwa amesimama karibu na gari la polisi, amekunja uso kama mtu anayepiga hesabu asiyoipenda.

"Ngoja kwanza, Wendell," alisema, na sauti yake, kama kawaida, ilifika kila mahali. "Kama ni wewe, sasa Orville kasimama getini tangu asubuhi kwa ajili ya nani?"

Honi ikanyamaza. Aliyekuwa ameshika bega la sherifu aliondoa mkono. Wendell Pruitt aliinama mwenyewe kuingia kwenye gari.